MTOTO MZITO WA KUSOMA SI MJINGA WALA SI MVIVU

Juma hili twapenda kuzungumza na wazazi, na waalimu pia, juu ya mtoto ambaye karibu kila shule ya nchi yetu inaye, lakini ni wachache wamjuao. Mtoto huyu si kipofu, si kiziwi, wala hakupungukiwa akili. Husema vizuri, hucheza vizuri, akitumwa hutumika. Lakini ukimpa kitabu, ulimi wake hufungwa.

Ili tumwone vema, tumweke mahali tupajuapo. Twende Ihanda, katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, ambako watu hulima kahawa na mahindi, na malori hupita usiku na mchana yakielekea Tunduma na nchi ya Zambia. Hatutaji shule yo yote wala jina la mtu, maana mtoto tumsemaye yuko vile vile Ngara, Masasi na Dar es Salaam.

Ana miaka kumi. Nyumbani husema Kinyiha, sokoni na shuleni husema Kiswahili. Wakati wa mavuno huhesabu madebe ya kahawa pamoja na baba yake, wala hakosei. Akitumwa dukani hurudi na chenji kamili. Hadithi aliyosimuliwa na bibi yake mara moja, yeye aweza kuisimulia tena kwa mpango wake wote. Alipokuwa Darasa la I mwalimu alidhani anasoma, kwa kuwa alishika kitabu na kutamka ukurasa wote bila kusita. Kumbe alikuwa ameukariri kwa kuwasikiliza wenzake. Siku mwalimu alipomwonyesha neno moja katikati ya ukurasa na kumwambia alisome hilo tu, mtoto alinyamaza.

Sasa yuko Darasa la III, naye hukaa nyuma kabisa. Amekwisha kupigwa kwa sababu ya kutosoma, akachekwa, akapewa jina la mjinga. Asubuhi husema tumbo lamwuma. Baba yake amechoka, asema, “Huyu ni mzito wa kichwa; afadhali anisaidie shambani.” Miaka michache ikipita, atakwenda Tunduma, maana kazi ya kubeba mizigo mpakani haimwulizi mtu kama ajua kusoma.

Je, mtoto huyu ana nini? Tusipojua jibu la swali hili, twaweza kuiharibu akili njema ambayo Mungu amempa mtoto, huku tukidhani twamfunza adabu.

MAMBO YALIYOVUMBULIWA

Watu wenye elimu walianza kulichunguza jambo hili zamani. Mwaka 1896 daktari mmoja Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika gazeti la madaktari habari za kijana wa miaka 14. Kijana huyo alikuwa hodari wa michezo, mwepesi wa kufahamu, na tarakimu alizisoma upesi. Lakini maneno yaliyoandikwa, hata mafupi, yalimshinda, ingawa alikuwa amefundishwa kwa bidii tangu utoto. Mwalimu wake alisema kwamba, kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo tu, kijana yule angekuwa wa kwanza shuleni. Tazameni, wasomaji wetu: ni mtoto wetu wa Ihanda yule yule!

Shida hiyo wataalamu huiita disleksia. Jina hili lilitungwa na daktari Mjerumani, Rudolf Berlin, mwaka 1887. Maana yake ni uzito wa kusoma na kuandika kwa mtu ambaye akili yake ni nzima, na ambaye amefundishwa kama wenziwe. Wengi hukadiria kwamba kati ya watoto 100, watoto 5 hadi 10 wanayo kwa kiasi kikubwa au kidogo. Basi, katika darasa la watoto 80 tutazamie kuwakuta wanne au zaidi. Ziko pia shida za jamaa moja na hiyo: wako watoto ambao uzito wao u katika hesabu, na wengine katika kuandika. Mara nyingine mtoto mmoja huwa na mbili pamoja.

Kwa muda mrefu watu walidhani kosa ni la macho. Sivyo. Katika miaka ya karibuni zimepatikana mashine za sumaku ambazo huonyesha, bila kumkata mtu wala kumchoma, sehemu gani ya ubongo inafanya kazi wakati mtu anaposoma. Hapo ndipo lilipoonekana jambo ambalo kila mzazi yafaa alijue.

UBONGO HUJIFUNZAJE KUSOMA?

Kusema ni kitu cha asili. Mtoto akizaliwa kati ya watu wasemao, atasema, hata asipofundishwa na mtu. Kusoma si hivyo. Wanadamu wamesema tangu zamani za kale, lakini maandishi yana umri wa miaka elfu tano na kitu tu. Kwa hiyo hakuna mtoto azaliwaye na sehemu ya ubongo iliyo tayari kwa kusoma. Yabidi ubongo uazime sehemu zake zilizozoea kazi nyingine, na kuziunganisha.

Upande wa kushoto wa ubongo, nyuma na chini, iko sehemu itambuayo sura za vitu. Hiyo hujifunza kuzitambua herufi. Karibu na sikio iko sehemu ipambanuayo sauti za maneno. Mbele iko sehemu inayotengeneza matamshi. Msomaji mzuri amezifungulia sehemu hizo njia kati yao, hata akiona herufi sauti huja papo hapo. Njia hizo ni kama njia ya miguu katikati ya shamba: siku ya kwanza mtu hupita kwa shida, akikanyaga majani, akipita kila siku, njia hung'aa.

Katika ubongo wa mtoto mwenye disleksia, sehemu hizo za kushoto hufanya kazi kwa unyonge zaidi wakati wa kusoma. Shida iliyo kubwa kwa watoto wengi wa namna hiyo ni kuzipambanua sauti ndogo ndogo ndani ya neno. Anasikia “kalamu”, anajua kalamu ni nini, lakini ukimwuliza neno hilo lina vipande vingapi, au latoka sauti gani mwanzoni, hupotea. Na asiyeweza kulikata neno katika sauti zake, ataipaje kila sauti herufi yake? Njia ya shamba lake imejaa miiba. Si kwamba hataki kupita.

Wengine husema mtoto wa namna hiyo huona herufi kinyume. Hilo nalo tulisahihishe. Karibu watoto wote, wanapoanza, huchanganya b na d. Sababu ni kwamba macho yetu yamezoea vitu vya duniani: ng'ombe akigeukia kushoto au kulia ni ng'ombe yule yule. Herufi peke yake ndiyo hugeuka kuwa nyingine ikigeuzwa. Basi mtoto wa Darasa la I akiandika b kinyume, tusiingiwe na hofu. Tuangalie kama makosa hayo yanazidi kukaa wakati wenzake wamekwisha kuyaacha.

Shida hii hufuata ukoo. Huko Jyväskylä, nchi ya Finland, wataalamu waliwafuatilia watoto wapatao 200 tangu kuzaliwa, nusu yao wakiwa wa wazazi wenye shida ya kusoma. Waliona kwamba hata katika siku za kwanza za maisha, ubongo wa baadhi ya watoto wa koo hizo uliitikia sauti za maneno kwa namna iliyo tofauti. Na mwaka 2022 ulitangazwa uchunguzi wa watu zaidi ya milioni moja, uliopata sehemu 42 za urithi wa mwili zinazohusika na disleksia. Kwa hiyo hakuna jambo moja tu la kulaumiwa. Mama hakumharibu mtoto, wala mtoto hakulogwa na jirani. Mara nyingi baba yule yule asemaye, “Mwanangu ni mjinga,” akiulizwa taratibu atakumbuka kwamba hata yeye alipokuwa shuleni kitabu kilimshinda.

KISWAHILI CHEPESI HUFICHA SHIDA

Hapa twafika penye jambo linalotuhusu sisi hasa. Mengi yaliyoandikwa juu ya disleksia yameandikwa na watu wasomao Kiingereza. Kiingereza ni kigumu kuendeleza: herufi zile zile nne, o-u-g-h, hutoa sauti moja katika neno hili na sauti nyingine kabisa katika neno lile. Kiswahili chetu, kinyume chake, husomwa kama kilivyoandikwa. Vokali ni tano, na kila moja hushika sauti yake po pote iendapo.

Mwaka 2001 wataalamu wakiongozwa na Mwitalia Eraldo Paulesu waliwalinganisha wanafunzi wakubwa wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitalia, ambao lugha yao huandikwa wazi wazi karibu kama yetu, walisoma vizuri kuliko wenzao. Lakini picha za ubongo zilionyesha udhaifu ule ule, mahali pale pale, kwa wote. Lugha ilikuwa imeupunguza mzigo, lakini haikuuondoa.

Funzo lake kwetu ni hili. Mtoto wa Kiswahili mwenye disleksia aweza mwishoni kusoma maneno kwa usahihi, ila husoma pole pole mno, silabi moja moja kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe. Akifika mwisho wa sentensi amesahau mwanzo wake. Mwalimu husema, “Huyu anajua kusoma, ila ni mvivu.” Na kwa kuwa Kiswahili husifiwa kuwa chepesi, mtoto kikimshinda huonekana mjinga maradufu. Mtafiti wa Kitanzania Damaris Ngorosho, pamoja na Katie Alcock, waliandika mwaka 2003 juu ya makosa ya watoto waandikao Kiswahili. Walionyesha kwamba kujifunza kuendeleza lugha iliyo na kanuni si kazi ndogo kama tudhanivyo. Mtazameni mtoto anayeanza, anapokutana na ng', ny, mbw au ndw!

Kisha mtoto huyo, kama amejikokota hata mwisho wa shule ya msingi, huingia sekondari, ambako masomo hufundishwa kwa Kiingereza. Hapo kilichofichwa na Kiswahili hufichuka. Aliyekuwa akichechemea sasa huanguka, nasi twashangaa, twasema ameharibiwa na makundi mabaya.

TUSICHANGANYE MAMBO

Lakini twawaonya wasomaji wetu: si kila mtoto asiyesoma ana disleksia. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, upimaji wa Uwezo ulionyesha kwamba katika Tanzania karibu mtoto mmoja tu kati ya watatu wa Darasa la III aliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya Darasa la II. Hatuwezi kusema kwamba wale wawili wote walikuwa na shida ya ubongo. La, hasha! Wengi hawakufundishwa ipasavyo, au walikaa wengi mno darasani, au hawakuwa na vitabu, au walikwenda shule na njaa. Serikali ilipoliona jambo hilo, mwaka 2015 iliyapunguza masomo ya Darasa la I na la II na kukazia kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK.

Tena, mtoto ambaye nyumbani husema Kinyiha au Kinyamwanga aweza kuandika Kiswahili kwa sauti za lugha ya kwao. Hilo si ugonjwa. Ni hatua ya kujifunza. Na yuko mtoto asiyeona vema ubao, au asikiaye kwa sikio moja. Kwa hiyo kabla ya kumpa mtoto jina lo lote, tuulize kwanza: Macho na masikio yake yamepimwa hospitali? Amehudhuria shule siku zote? Amefundishwa kwa subira? Kama majibu ni ndiyo, na wenzake wa kijiji kile kile na mwalimu yule yule wanasoma, naye bado hawezi ingawa akili yake katika mambo mengine ni nyepesi, hapo tufikiri juu ya disleksia.

YATUPASA KUFANYA NINI?

Shida hii haina dawa ya kunywa wala ya kuchanja. Ye yote aahidiye kuiponya kwa dawa anawala watu fedha. Ila yako mafundisho, nayo yamethibitishwa. Huko Marekani watoto wa miaka sita hadi tisa walifundishwa sauti na herufi kwa mpango, mmoja mmoja, dakika 50 kila siku kwa muda wa miezi 8. Picha zilizotangazwa mwaka 2004 zilionyesha kwamba sehemu za kushoto za ubongo wao, zilizokuwa nyonge, zilianza kufanya kazi zaidi. Yaani njia ya shamba ilifunguka kwa kupitwa. Na jirani zetu wa Zambia walijaribu kuwafundisha watoto wa darasa la kwanza sauti na herufi kwa mchezo wa simu uliotoka Finland. Habari zilizotangazwa mwaka 2014 zilisema faida ilikuwa kubwa zaidi pale ambapo mwalimu pia aliutumia mchezo huo pamoja na watoto. Kwa hiyo tusidhani simu itamwondoa mwalimu.

Kwa mzazi wa Ihanda asiye na mashine wala fedha, twashauri haya.

Kwanza, tuweke fimbo na dhihaka mbali na kitabu. Mtoto mwenye hofu hawezi kupambanua sauti. Fimbo humfundisha kuficha shida yake, wala haimfundishi kusoma.

Pili, tucheze na sauti kabla ya herufi. Jioni, mama anapochambua maharage, amwambie mtoto aweke punje moja kwa kila kipande cha neno: ka-ha-wa, punje tatu, ma-ha-ra-ge, punje nne. Kisha amwambie, “Sema kalamu. Ondoa ka. Limebaki nini?” Atajibu, “Lamu.” Watoto wa pwani tangu zamani wamecheza kusema kinyume, wakiitoa silabi ya mwisho na kuiweka mwanzo, paka ikawa kapa. Tulidhani ni upuuzi wa watoto, kumbe ni shule ya masikio.

Tatu, herufi ziingie kwa mlango zaidi ya mmoja. Mtoto aandike herufi kwa kidole mchangani, huku akiitamka sauti yake na kuitazama. Njia hiyo ya kutumia jicho, sikio, mdomo na mkono pamoja ina asili yake katika kazi ya daktari Mmarekani Samuel Orton, aliyeanza kuandika juu ya watoto hawa mwaka 1925. Herufi ziwe chache kwa siku, zirudiwe sana, na ipya isiletwe kabla ya ile ya zamani kushikwa. Robo saa kila siku ni bora kuliko saa tatu za Jumamosi.

Nne, tumsomee. Mtoto anayeshindwa kusoma asinyimwe elimu inayokaa ndani ya vitabu. Dada yake amsomee habari za historia na sayansi, naye ajibu kwa mdomo. Mwalimu aweza kumwuliza kwa mdomo kile ambacho mwenziwe hukiandika, na kumwongezea muda. Hapo itajulikana ana maarifa kiasi gani.

Tano, tusingoje. Mtoto mwenye ndugu au mzazi mwenye uzito wa kusoma aangaliwe tangu Darasa la I, kama anashika majina na sauti za herufi. Wazazi waende kwa Mwalimu Mkuu kwa heshima, wakaeleze waliyoyaona, na kuomba Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri ahusishwe. Waalimu wa elimu maalumu wako nchini. Chuo cha Patandi, huko Arusha, kimekuwa kikiwafundisha. Kweli hawatoshi, na mwalimu mwenye watoto mia moja ana mzigo mzito. Lakini hata yeye aweza kumhamisha mtoto huyu kutoka nyuma na kumkalisha mbele, na kuwakataza wenzake wasimcheke. Mambo hayo hayahitaji bajeti.

Wala tusimdanganye mtoto. Tusimwambie kwamba siku moja uzito wake utakwisha kabisa, wala kwamba kila mwenye disleksia ni mwerevu kupita wengine. Tumwambie ukweli: “Kusoma kwako kutakuwa kazi kubwa kuliko kwa wenzako, lakini utaweza, nasi tutakuwa pamoja nawe.” Mtoto anayejua jina la mzigo wake huubeba vizuri zaidi kuliko yule aambiwaye kwamba mzigo ndiye yeye mwenyewe.

Turudi sasa kwa mtoto wetu wa Ihanda. Miaka kumi ijayo atasimama mbele ya mizani ya chama cha ushirika na kahawa yake. Ataandikiwa stakabadhi. Kama tumemwacha, atatia dole gumba, na kuamini cho chote atakachoambiwa, ijapokuwa alipokuwa na miaka kumi hesabu za madebe zilikuwa kichwani mwake. Kama tumemsaidia, ataisoma stakabadhi yake pole pole, neno kwa neno, naye ataona kama imeandikwa sawasawa. Labda yeye mwenyewe ndiye atakuwa karani wa mizani ile, kwa kuwa akili ya hesabu anayo tangu leo.

Basi mzazi, jioni ya leo mwite mwanao ambaye umemwita mzito wa kichwa. Usimpe kitabu kwanza. Mwulize neno lake limpendezalo lina vipande vingapi, mhesabu pamoja kwa punje za maharage, kisha umsikilize.